Wanja machoni, uso mtupu: miezi minne ya daftari langu Mwaloni

Kazi yangu ni kuandika magunia ya dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kila mzigo unaoshuka kutoka visiwani una mstari wake: mwenye mali, idadi, kilo, tarehe. Juni nikanunua daftari jingine, nikaanza kuuandika uso wangu kwa utaratibu uleule. Nina miaka 27 na chunusi ninazo tangu kidato cha pili. Nimeshajaribu mengi, ila sikuwahi kuandika nilianza nini lini na niliacha lini, kwa hiyo miaka yote hiyo sikujua kipi kilinisaidia na kipi kiliniumiza.

Nilijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, nabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ya pili, faundesheni inakaa kabatini mpaka daftari liishe, na mapambo yote yawe machoni. Hiyo ya pili ndiyo ilinitesa. Kutoka nyumbani Kitangiri na mashavu yenye vipele, bila kitu cha kuvifunika, halafu usimame mbele za watu tangu alfajiri, kunataka moyo.

Huku kwetu siku tunazihesabu kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukikomaa, mwanga wake unaishinda taa na boti nyingi zinapumzika. Daftari langu nimeligawa hivyohivyo, giza na mbalamwezi.

Giza la kwanza

Niliketi dirishani saa nne asubuhi, siku ya mapumziko, nikahesabu. Paji la uso vipele 11 vidogo vyenye kichwa cheupe. Mashavuni 7 vilivyoiva. Kidevuni 4 vya ndani, vile vinavyouma kabla havijaonekana. Alama nyeusi sikuzihesabu siku hiyo, zilikuwa nyingi mno.

Mpaka hapo nilikuwa napaka krimu ya kuchanganya, niliyouziwa kwenye kikopo kisicho na jina. Ilikuwa inakausha chunusi kwa siku nne. Nikiacha siku mbili zinarudi, na zinarudi kwa hasira. Nilimwomba aliyeniuzia anionyeshe mirija anayoichanganya, akakubali, na mmoja wapo ulikuwa umeandikwa betamethasone. Nilipomwonyesha daktari wa ngozi picha ya ule mrija alinieleza taratibu, na namshukuru kwa kutonifokea. Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi. Ina kazi yake kwa magonjwa kama pumu ya ngozi, kwa muda na kwa kipimo. Usoni, ukiipaka miezi na miezi, inatuliza uvimbe kwa juu huku inaipunguza ngozi unene, na yenyewe inazaa chunusi. Ukiacha, vyote vilivyozimwa vinafumuka pamoja.

Nikaacha. Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari.

Siku ya 9 nimeandika: "Mashavu 19. Yanawaka. Nimelala na kitambaa cha maji baridi." Siku ya 16: "Mashavu 21." Nilikuwa nanawa mara mbili tu kwa siku, kwa sabuni laini ya maji isiyo na manukato, na kupaka losheni nyepesi. Hakuna kingine. Mama alikuja na manjano, kesho yake akaja na ndimu. Manjano nilikataa kwa upole. Ndimu nilimweleza kwa nini siitaki: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanaunguza na kuacha weusi utakaokaa wiki nyingi. Na mimi juani ndiko nilipo.

"Sasa mwanangu, utakaa hivyohivyo tu?"

"Nitakaa hivihivi mama, mpaka itulie."

Ilianza kutulia wiki ya tano.

Mbalamwezi

Kazi ilipopoa nilienda kwa shoga yangu anayepamba maharusi hapo Kirumba, nikamwambia nataka macho ya kila siku, ya kumaliza kwa dakika sita, kwa taa ya simu, saa kumi na moja alfajiri. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipa penseli ya wanja, akasema chora nikuone. Nikavuta kope pembeni kwa kidole kama nilivyozoea. Akanipiga mkono kidogo.

"Usiivute! Ukiiachia, mstari wako unakunjamana. Egemeza kiwiko, laza kioo, tazama chini."

Nilirudia siku nane mfululizo nyumbani, na nimeshika hivi. Kope lazima ziwe kavu. Ngozi yangu ni ya mafuta, na wanja uliokaa juu ya mafuta, ikifika saa tano umeshahamia kwenye mkunjo wa juu. Kwa hiyo natanguliza poda kidogo, brashi nimeshaikung'uta. Penseli naichonga kila siku. Ncha naisugua mgongoni mwa mkono mara mbili tatu, ipate joto na ukali wake uvunjike. Mstari sichori. Naweka nukta, moja baada ya nyingine, katikati ya mashina ya nywele za juu, natoka pembe ya nje naingia ndani, na nafika katikati ya jicho tu. Kisha pamba ya masikio, naipitisha juu ya zile nukta kwa mwendo mfupi wa kwenda na kurudi mpaka zishikane. Zinabaki kama kivuli, kana kwamba nywele zenyewe ndizo zimejaa. Mwisho nachota aishedo ya kahawia iliyokolea kwa brashi bapa na kuigandamiza juu ya wanja, bila kusugua. Hiyo ndiyo inaukausha. Tangu niijue hatua hiyo, wanja wangu unafika saa tisa mchana ukiwa pale nilipouacha.

Maskara napaka nywele za juu pekee, mkono mmoja. Za chini ndizo zinazochafuka ukianza kutoka jasho.

Kuna ukingo wa ndani, ule wenye unyevu, ambao zamani nilikuwa naujaza wanja kila siku. Nimeacha. Hapo ndipo vinapofungukia vitundu vya tezi za mafuta yanayolinda machozi yasikauke, na kuviziba kila siku ni kutafuta macho makavu na chokea. Mama naye ana kichupa cha wanja wa unga alicholetewa zamani. Nimemwomba asiutumie tena, maana baadhi ya wanja wa namna ile husagwa kutoka jiwe la galena, na galena ni madini ya risasi, ambayo ni sumu. Alinyamaza, kisha akakiweka juu ya kabati.

Giza la pili

Magunia yalikuwa mengi, nimeandika kidogo. Uso ulikuwa umetulia vya kutosha nikaanza dawa: benzoili peroksaidi. Nilitaka ya asilimia 10 nikidhani kali ndiyo dawa. Daktari akaniambia ya asilimia 2.5 inafanya kazi karibu sawa na hiyo, na kinachozidi kwenye ile kali ni kuunguza. Iliyopatikana ni ya 5, akanielekeza niipake dakika kumi kisha niinawe, jioni tu, na nisiisogeze karibu na macho wala pembe za mdomo.

Kosa nililofanya ni kujifutia taulo la mama la bluu. Asubuhi lina mabaka meupe. Mama alidhani kuna mtu kamwaga jiki. Dawa hii inapausha kitambaa, nami sikuwa nimelisoma hilo kwenye karatasi yake. Nimemnunulia taulo jingine, na mimi sasa najifuta kwa jeupe. Foronya yangu nayo ni nyeupe.

Alfajiri moja wadudu wa ziwani waliinuka, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakaja kwenye taa za mwalo. Maskara yangu ilikuwa mbichi. Waliniganda kwenye nywele za kope, na mmoja aliingia jichoni. Nikaosha kwa maji safi ya chupa, nikafanya kazi siku nzima na jicho moja jekundu. Siku hizi maskara napaka kwanza kabisa, kabla ya kuvaa, ili nikitoka nje iwe imekauka.

Chokea

Hili ninaliweka peke yake kwa sababu lilinisimamisha siku kumi. Jicho la kulia, kope ya juu, kipele chekundu kwenye shina la nywele. Wengi tumekua tukiambiwa chokea linampata aliyemchungulia mtu anayeoga, na mwalo mzima ulinitania kwa hilo. Ukweli ni bakteria walioingia kwenye tezi ya kope. Nilipofuatilia daftari nikaona maskara yangu niliifungua muda mrefu kabla ya Juni, na wiki moja kabla ya chokea nilimwazima binamu yangu aliyekuwa anawahi sherehe.

Maskara ikishafunguliwa inatakiwa kutupwa baada ya miezi mitatu hivi, hata kama imebaki. Kila unapochomoa brashi na kuirudisha unaingiza uchafu mle ndani, na mle ni giza na unyevu. Ikikauka haiongezwi maji, mate ndiyo kabisa usithubutu. Na haiazimwi. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yaliposambaa nchini tulikumbushana sana kutochangia vitu vya machoni, kisha tukasahau, mimi nikiwa mmoja wao.

Sikukamua. Nilikunja kitambaa safi, nikakilowesha maji ya moto yasiyounguza, nikakiweka juu ya jicho lililofumbwa dakika kumi, mara nne kwa siku. Siku ya tano lilipasuka lenyewe. Wanja na maskara vyote nilivitupa, brashi nikaziosha kwa sabuni na kuzilaza zikauke, nywele zake zikining'inia ukingoni mwa meza ili maji yasiingie kwenye gundi. Sasa naziosha kila Jumapili.

Na kuvua ni kazi sawa na kupaka. Zamani nilikuwa natoa wanja kwa mafuta ya nazi na kuyaacha yashuke mashavuni, na mafuta ya nazi huziba vinyweleo vya ngozi kama yangu. Sasa nalowesha pamba kwa maji ya kutolea mekapu, naibandika juu ya jicho, nahesabu mpaka thelathini, kisha naivuta kushuka chini mara moja. Nikishamaliza hapo ndipo nanawa uso mzima.

Giza la tatu

Hapa ndipo daftari lilipolipa gharama yake. Nilichora safu tatu, paji, mashavu, kidevu, nikaweka pembeni tarehe za giza, za hedhi na za kusuka.

Miaka yote nimelilaumu vumbi la dagaa. Giza hili lilikuwa zito kuliko yote, magamba mpaka kwenye kope, na mashavu hayakuongezeka hata kipele kimoja. Kidevu ndicho kina kalenda yake: kinavimba siku tano sita kabla ya hedhi, mwezi uwe umejaa au haupo. Na paji la uso linafuata kichwa. Kila niliposuka na kupaka mafuta mazito kwenye mistari, baada ya wiki mbili vile vidogo vyeupe vinapanga foleni chini ya nywele. Nikaacha mafuta yale, nikawa nafunga kitambaa cha pamba kichwani usiku na kukifua mara kwa mara. Kutoka 11 paji likashuka hadi 2 ndani ya wiki sita.

Niliufunga ukurasa ule nikakaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimefikiria kuacha kazi kwa ajili ya lile vumbi.

Jua

Zilizobaki ni alama. Jirani yangu dada mwenye ualbino ndiye aliyenifundisha, yeye jua amelipigia hesabu tangu utotoni. Nilikuwa napaka losheni ya kukinga jua kiduchu, kama mafuta ya midomo. Akanionyesha: vidole viwili, shahada na cha kati, mstari mzima kwenye kila kimoja, kwa uso na shingo. Na unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mwanza tuko karibu na ikweta na maji ya ziwa yanarudisha mwanga usoni, kofia peke yake haitoshi.

Nyeupe ilinifanya nionekane nimepakwa majivu. Nikapata yenye rangi, ambayo rangi yake inatokana na oksaidi za chuma, na hizo huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaochochea weusi kwa ngozi kama zetu. Machoni naiacha itulie dakika kumi kabla ya poda, la sivyo wanja unateleza.

Giza la nne

Hesabu ya jana: paji 1, mashavu 2, kidevu 3, na hedhi ni keshokutwa. Alama nyeusi 14, za shavu la kushoto zimeanza kuwa za kahawia. Hizi zinachukua miezi. Nimezifungulia safu yake.

Kurasa zimebaki 31. Faundesheni bado iko kabatini.

Leo asubuhi mama mmoja anayenunua mizigo ya kupeleka Shinyanga alisimama mbele ya meza yangu. "Mwangaluka mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kisha hakutaja magunia. Akaniinamia. "Hiyo wanja yako unaipakaje? Niazime hapo nijaribu."

Nilimwambia penseli siwezi kumwazima, na nikamwambia kwa nini. Nikamwandikia kwenye kipande cha risiti aina ya kununua Makoroboi, kisha nikachukua kalamu ya hesabu nikamchorea mgongoni mwa mkono wake, nukta, nukta, nukta, mpaka katikati.