Feliki alikuwa anasubiri bahasha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Matendo 23 na 24, aisee nimesoma kama mtu anayesoma hadithi ya kipelelezi, usingizi umekata kabisa.

Watu zaidi ya 40 wameapa hawali wala hawanywi mpaka wamuue Paulo, halafu wanaenda kwa wakuu wa makuhani wanawaambia nyie ombeni aletwe barazani kana kwamba mnataka kumchunguza vizuri, sisi tutammaliza njiani. Yaani kikao cha haki ndo kinafanywa mtego! Mtoto wa dada yake akasikia, akaenda kusema, na usiku huohuo saa 3 Paulo akatolewa Yerusalemu na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 kupelekwa Kaisaria kwa liwali Feliki.

Unafikiri kapona. Feliki kasikiliza kesi, washitaki hawana ushahidi, akaahirisha eti mpaka Lisia aje, yule jemadari aliyemtoa Paulo Yerusalemu. Kumbe Paulo alishataja kwamba alileta sadaka kwa taifa lake, mi naona hapo ndo Feliki alinusa hela. Akawa anamwita mara kwa mara waongee, anatumaini atapewa kitu. Paulo akamhubiria haki, kiasi na hukumu ijayo, jamaa akaogopa kweli, akasema nenda kwanza nikipata nafasi nitakuita. Miaka 2 ikapita, Feliki akaondoka kwenye cheo, akamwacha Paulo kifungoni.

Huku kwetu Kigoma tunaita kupigwa kalenda. Upelelezi haujakamilika, faili halionekani, njoo wiki ijayo. Na hakuna anayekutamkia rushwa, utasikia tu nauli, chai, hela ya karatasi.

Mwaka jana nilienda kumdhamini kijana wa jirani yetu hapa Ujiji. Ukutani limebandikwa tangazo dhamana ni bure, na palepale chini ya tangazo nikaombwa hela ya karatasi, nikatoa elfu 20. Nilijiambia namsaidia mtoto wa watu. Sheria ya rushwa ya 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na namba ya TAKUKURU 113 kupiga ni bure, nilikuwa najua yote hayo. Sasa kulikuwa na kijana mwingine aliyekamatwa siku ileile, wa vijiji vya ziwani, mama yake hana kitu. Akabaki ndani. Elfu 20 yangu ndo ilimpandishia bei yule mama, na hili linanitesa mpaka leo maana Paulo alikuwa na rafiki walioruhusiwa kumhudumia, wangeweza kuchanga, na hakutoa.

Kesi ya yule kijana wa ziwani inatajwa tena Jumanne na bado anatafuta wadhamini. Mi naenda, mkononi sina bahasha. Mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa twende wote, mama anashuka na boti Kibirizi Jumatatu jioni na atalala kwangu.