Tairi za mbele zilikuwa zinajifunga, dawa ikapatikana nyuma

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, ile ya modeli LN106 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, springi za majani mbele na nyuma, diski mbele, dramu nyuma. Haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Nabebea mboga kutoka Lushoto: kabichi, karoti, hoho, na msimu ukifika, plamsi. Njia ni ileile kila siku, Lushoto mpaka Soni, Soni mpaka Mombo, kilomita kama 33 za kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Kule gari huteremshwa kwa gia. Hata hivyo kuna mahali lazima ukanyage breki, na ukikanyaga uwe na uhakika.

Mwaka jana pistoni za kalipa za mbele, vile vyuma vinavyozibana pedi kwenye diski, zilianza kukwama. Badala ya kuzifungua na kuzitia mipira mipya nikaenda Ilala nikanunua kalipa za mtumba za Hilux Surf, zenye pistoni nene zaidi, na pedi mpya za bei nzuri. Zote pamoja kama laki tatu na nusu, labda nne ukitia na nauli. Mwezi uleule, kwa sababu ya mzigo, nikaongeza majani mawili kila upande nyuma, yale yaliyopindwa sana. Gari ikasimama vizuri, mkia juu. Hizo kazi mbili zilifanywa na mafundi wawili tofauti na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Ugonjwa wote ulianzia hapo, ingawa ilinichukua miezi minne kuujua.

Wiki ya kwanza nilifurahi kwelikweli. Unagusa pedeli, gari inakamata. Nikawasimulia watu.

Halafu masika ikaanza. Nilikuwa nimeipita Soni kidogo, barabara imelowa, nikakuta basi limesimama kwenye kona linashusha abiria. Nikakanyaga kama kawaida. Tairi za mbele zikajifunga papo hapo, zikawa zinateleza kama sabuni juu ya sinia. Nikazungusha usukani kushoto, gari ikaendelea mbele moja kwa moja kana kwamba usukani haujaunganishwa na kitu. Mpwa wangu, ambaye ndiye utingo wangu, alishika dashibodi kwa mikono miwili, hakusema neno. Nikaachia pedeli. Tairi zikazunguka, usukani ukashika ghafla, tukaingia kwenye mfereji wa upande wa mlima. Afadhali mlima. Tungeelekea upande wa pili nisingekuwa naandika haya.

Baada ya hapo nikapewa ushauri wa kila namna, na mwingi wake ulinigharimu. Wa kwanza akasema tairi zimekwisha, nikanunua mbili mpya za mbele. Ni kweli zilisaidia, kwa sababu mwisho wa yote anayesimamisha gari ni mpira kwenye lami, lakini zilijifunga vilevile, zikichelewa kidogo tu. Wa pili akasema pedi ni feki, nikabadilisha, hakuna kilichobadilika. Wa tatu ndiye bado ananikera hadi leo: alitaka tubane paipu za mbele kwa koleo ili mafuta ya breki yapite kidogo. Ndugu yangu, paipu ya breki habani mtu! Ikipasuka ukiwa unateremka Soni umebaki na nini? Na mwingine akaniambia nikanyage taratibu. Mtoto akikatiza barabara, nikanyage taratibu?

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa gereji ndogo Korogwe. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za mbele, akanikatisha.

"Mwanangu, nyuma inakamata?"

"Inakamata, mzee."

"Umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Akapiga jeki nyuma, akamwambia mpwa wangu akanyage breki, akanishikisha tairi. "Zungusha." Nikaizungusha! Kwa nguvu, nikitweta, lakini ilizunguka huku breki imekanyagwa. Upande wa pili hivyohivyo.

Tukafungua dramu. Brekishuu zilikuwa nene kama zimenunuliwa jana, zimejaa vumbi, haziigusi dramu sawasawa. Mzee akanionyesha kitu ambacho kila mwenye gari hii anapaswa kukijua: dramu za nyuma hujikaza zenyewe kila unapovuta hendibreki. Hendibreki ndiyo inayokizungusha kile kiskrubu cha meno cha ndani, jino moja moja, kadiri brekishuu zinavyolika. Mimi hendibreki yangu ilikuwa imekufa zamani. Vile vikono vya nyuma ya dramu vilishikwa na kutu, nikawa naegesha kwa jiwe. Maana yake kwa miaka miwili hivi nyuma hapakuwa na breki ya maana, na sikujua kwa sababu kalipa za zamani za mbele zilikuwa dhaifu pia. Udhaifu ulikuwa sawa kwa sawa. Nilipoweka za Surf, mbele ikapata nguvu peke yake.

Mzee alilieleza kwa kalipa ya vipimo mkononi. Mguu wako unatoa presha ileile, lakini presha hiyo inasukuma eneo la pistoni. Pistoni ikinenepa kipenyo kwa asilimia 5 tu, eneo linaongezeka kwa asilimia 10 na kidogo, na pedi zinabana kwa kiasi hichohicho. Tairi hazijabadilika, lami haijabadilika. Kwa hiyo zinafika mwisho wa mshiko wao mapema, zinajifunga, na tairi iliyojifunga haikati kona.

Tukalainisha vikono, tukavitia grisi, tukakaza brekishuu mpaka zikawa zinakwaruza kidogo tairi ikizungushwa. Nafuu ilionekana, labda nusu. Wengi wangeishia hapo. Mimi nilitaka kuona kwa macho.

Nilipata kiwanja kitupu cha udongo huku chini ya Mombo. Nikachora mstari mnene wa chokaa ubavuni mwa kila tairi, mpwa akasimama kando na simu, nikaja kwa kilomita 40 kwa saa na kukanyaga kwa nguvu. Baadaye tukaiangalia video polepole. Mstari wa tairi ya mbele unasimama tuli, wa nyuma unaendelea kuzunguka, unazunguka, unazunguka, karibu mpaka gari inasimama. Tukapakia magunia ya mchanga, ikawa hivyohivyo. Hapo mzee alipoiona video alilala chini ya gari bila kusema kitu, na akatoka na jibu.

Juu ya ekseli ya nyuma, kwenye chasisi, kuna valvu ya mzigo. Ina rodi inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Ukipakia, springi zinalala, chasisi inaikaribia ekseli, rodi inaisukuma valvu, nayo inaruhusu presha zaidi iende nyuma. Gari ikiwa tupu inaibana presha ya nyuma ili mkia usiteleze. Sasa mimi nilipoongeza majani, mkia ulinyanyuka na rodi ikavutwa chini. Valvu ikaamini gari ni tupu daima, hata nikiwa na kabichi mpaka juu ya kichwa cha kebini.

Nikiwa na hamu ya kumaliza, nikafanya jambo ambalo nakuomba usilifanye barabarani. Niliifungua rodi nikaifunga kwa waya juu kabisa, kwamba valvu iamini imejaa. Nikarudi kiwanjani, gari tupu, kilomita 40. Kukanyaga tu, nyuma ikajifunga kwanza, mkia ukanipita kushoto, nikazunguka karibu nusu duara na vumbi likanifunika. Mzee alinisubiri litulie. "Sasa umejua kwa nini Mjapani aliacha ya mbele itangulie." Mbele ikijifunga gari inakwenda moja kwa moja na ukiachia pedeli unapata usukani. Nyuma ikitangulia gari inageuka, na huna muda wa kuachia chochote.

Kilichobaki ni kipimo. Jirani yangu ana LN106 ambayo springi zake hazijaguswa. Niliiomba, tukaziegesha zote mbili zikiwa tupu mahali sawa, nikapima kwa tepu kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasisi. Tofauti ilikuwa sentimita 5. Mchomeleaji akatengeneza kibano cha chuma bapa, kikafungwa kwenye ekseli, kikalinyanyua shina la rodi kwa sentimita 5 zilezile. Chuma na kuchomea ni kama elfu ishirini. Tukatoa upepo kwenye breki zote, tukianza na gurudumu la mbali.

Video ya mwisho bado ninayo kwenye simu. Gari tupu: mstari wa mbele unasimama kwanza, wa nyuma unafuata karibu sana. Na mchanga: nilikanyaga kwa nguvu zote na mistari yote minne ilizunguka karibu hadi mwisho. Pedeli inashuka kidogo kuliko zamani kwa sababu pistoni kubwa zinataka mafuta mengi zaidi. Nilishauriwa niweke masta silinda nene, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli, nikakataa. Ingeipandisha pedeli, lakini kwa mguu uleule ingepunguza presha, na sikutaka kuvuruga kitu kilichokaa sawa.

Juzi, pale pale chini ya Soni, mvua inanyesha, bodaboda ikatokea kwenye kona upande wangu. Nilikuwa na karoti mzigo mzima. Nikakanyaga na kukata kushoto kwa wakati mmoja, na gari ikaenda kushoto. Mpwa wangu akaendelea kula muhindi wake.