Haipo na haipa: nilivyozishika istilahi za uuguzi

Mwaka wa kwanza wa uuguzi nilikariri istilahi kama nilivyokariri ngonjera shule ya msingi: usiku, kwa sauti, bila kuelewa. Kukicha, hepataitisi na nefraitisi zimeshabadilishana viti. Ini na figo nazijua tangu utotoni, buchani hata mtoto anazitofautisha. Kilichonishinda ni majina yake ya Kigiriki.

Nikaja kuona kwamba maneno haya yameungwa vipande vipande, kama sisi tunavyounga "nitakupigia". Hepa ni ini, nefro ni figo, gastro ni tumbo. Mkia wa -aitisi unakwambia kiungo kimevimba na kuwaka. Wa -ektomi, kimekatwa kikatolewa. Basi apendektomi ni kutoa kidole tumbo tu. Nilichora safu mbili daftarini, vichwa kushoto, mikia kulia, nikawa naoanisha mwenyewe.

Zikabaki haipo na haipa. Mwalimu akitamka harakaharaka sikio halikamati, na hapo ndipo penye tofauti ya mgonjwa kupewa sukari au kunyimwa. Kiswahili kikaniokoa. Haipoglaisemia: sukari kama haipo, imeshuka chini ya miligramu 70 kwa desilita. Haipaglaisemia: mle ndani nasikia "paa", basi imepaa. Ujanja huu una mipaka, lakini. Kwenye jaribio moja niliandika kwamba sindano ya haipodamiki huchomwa "mahali ngozi haipo", darasa zima likacheka. Haipo ya Kigiriki ni chini; sindano inaingia chini ya ngozi.

Wodini nilikutana na jambo ambalo daftari halikuwa nalo. Mzee mmoja aliniambia, "Binti, mshipa unanisumbua." Nikaandika vena, yaani mshipa wa damu. Sista wa zamu akasoma, akaguna: "Umemuuliza mshipa upi?"

Ilikuwa ngiri. Kumbe kwa watu wetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni ngiri, na wapo wanaoliita hivyo hata busha. Kigiriki nimekivunjavunja, halafu neno la nyumbani kwa bibi yangu linanipiga chenga!

Siku hizi sikubali neno hilo mpaka mgonjwa aniwekee kidole panapouma. Kurasa za nyuma za daftari nimeziachia maneno yao: kichomi, mshipa, chango. Chango peke yake imeshakula mistari mitatu, na bado nimeiachia nafasi.