Muziki wa filamu fupi ya wabanguaji korosho, Mtwara: hatua ya pili

Mhariri ameshafunga picha: dakika 6 na sekunde 20, hakuna tena kukata wala kurefusha. Kutunga muziki unaofuata picha sekunde kwa sekunde kabla ya hapo ni kazi bure, maana tukio likisogea sekunde 2 tu, muziki wote uliolifuata unapotea njia. Kilichotangulia ni wimbo mkuu peke yake, ili mhariri akate picha akiwa anausikia. Mtunzi Ennio Morricone na mwongozaji Sergio Leone walifanya hivyo kwenye Once Upon a Time in the West (1968): muziki ulitungwa kwanza, ukapigwa waigizaji wakiwa kazini.

Video zimepigwa kwa simu, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Hata simu ukiipangia fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, idadi hupanda na kushuka kufuatana na mwanga, na mwisho wa kipande sauti na mdomo haviendi pamoja. Dawa yake ni kupitisha kila faili kwenye HandBrake, programu ya kubadili faili za video, kuchagua fremu 25 zisizobadilika, ndipo uhariri uanze. Ukifanya baada ya kuhariri, umechelewa.

Hesabu ya mwendo wa muziki ni rahisi: kwa fremu 25, gawa 1500 kwa mapigo ya dakika moja, unapata fremu za kila pigo. Mapigo 75 ni fremu 20 kamili, namba inayovutia. Lakini kipande cha tatu kinaanza 02:14 na kuisha 02:54, na katikati, 02:34, mkono wa mashine unashuka na ganda la kwanza linapasuka. Kwa 75, sekunde 40 ni mapigo 50: ukihesabu manne manne yanabaki mawili, na ganda linapasukia pigo la pili, mahali pasipo na uzito. Kwa 72 ni mapigo 48, yaani mafungu 12 kamili, na ganda linaangukia pigo la kwanza la fungu la 7. Fremu kwa pigo zinakuwa 20.83, lakini sikio halijali. Tumechukua 72.

Ala ni tatu: ngoma mbili za Kimakonde, zeze, na mashine yenyewe ya kubangulia. Anayedhani filamu haiendi bila okestra nzima asikilize kwanza Psycho (1960), ambayo Bernard Herrmann aliiandikia ala za nyuzi tupu, au noti mbili zinazopakana ambazo John Williams alimpa papa wa Jaws (1975).

Ngoma ndizo zinazotaka subira. Katika Black Panther (2018), mtunzi Ludwig Göransson alimpa shujaa T'Challa tama, ngoma ya Senegali ambayo mpigaji huibana kwapani na kubadilisha sauti papo hapo. Ngoma zetu sauti yake inawekwa na moto. Ziweke karibu na moto, pale ambapo kiganja chako kinavumilia joto, uzigeuzegeuze. Zikisogea zaidi ngozi inakauka upande mmoja na kuchanika. Kwa unyevu wa pwani, ngozi hulegea upesi na sauti kushuka, hivyo vipande viwili vya wimbo uleule havishonani. Rekodi sehemu za juu kwanza, ngoma ikiwa bado na joto, na kila unapoanza piga pigo moja la kulinganishia. Likishuka, rudi motoni, usijidanganye kwamba kompyuta itanyoosha.

Maikrofoni ya ngoma ikae sentimita 40 hivi kutoka kwenye ngozi, kilele cha sauti kisizidi dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) -12, na ubora wa faili uwe kHz 48 na biti 24. Ya mashine isogee hadi 20, lakini ubavuni: mafuta ya ganda la korosho huruka na yanaunguza, mkono na maikrofoni vilevile. Upepo wa kusi umetulazimisha kurekodi ndani, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani, na asubuhi, kabla bati halijaanza kualika kwa jua.

Kimebaki kipande cha mwisho, ambapo mama mmoja anaeleza bei. Zeze linagongana na sauti yake, kwa hiyo linaondolewa, inabaki ngoma kubwa peke yake, dB 15 chini ya maneno. Filamu nzima itasawazishwa kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla) -23, kiwango cha EBU R128 cha watangazaji wa Ulaya, halafu ijaribiwe kwenye spika ya simu, maana wengi wataitazamia huko na ngoma kubwa haisikiki humo.