Kupita Bila Hodi: Vijia vya Shropshire na Watu Wanaovitembea

Jumamosi yangu ya kwanza na kikundi cha watembeaji hapa Shropshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales, tulifika mahali ambapo kijia kiliacha ukingo wa malisho, kikakatiza ua wa mkulima baina ya zizi la ng'ombe na dirisha la jikoni, kikatokea upande wa pili. Mimi nimelelewa Lushoto, ambako vijia vya mkato vimejaa milimani, lakini mtu mwenye adabu hapiti uani kwa watu akiwa amenyamaza. Kwa hiyo nilisimama langoni nikaanza kutafuta maneno ya Kiingereza ya kubisha hodi. Mzee aliyekuwa akituongoza aligeuka, akanieleza kwa upole kwamba hapakuwa na haja ya kuomba ruhusa, kwa sababu kijia kile ni cha umma, nasi tuna haki ya kukipita kama tulivyo na haki ya kupita barabara ya magari. Mwenye nyumba alikuwa akiosha vyombo dirishani. Alitupungia mkono, tukapita.

Ni miaka minne sasa, na bado naona ajabu. Ardhi ni ya mkulima na hati anayo yeye, ila ule ukanda mwembamba unaoikatiza una haki ya watu wote juu yake, na haki hiyo haiondoki kwa sababu shamba limeuzwa au mwenyewe amefariki. Sheria ya mwaka 1949, iliyoanzisha pia hifadhi za taifa za Uingereza, ilizitaka halmashauri zichore ramani rasmi ya njia zote za namna hiyo, na ramani hizo ndizo zinazoamua mabishano hadi leo. Tena, chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1980, njia iliyotumiwa na watu waziwazi kwa miaka 20 mfululizo, bila kificho na bila kuombewa ruhusa, huhesabiwa kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Kule kwetu nyayo za wapita njia huwa chanzo cha ugomvi wa mipaka. Hapa zinaweza kuwa ushahidi.

Haki hizi hazikushuka kama mvua. Mwezi Aprili mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, huko Derbyshire, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri waliowinda ndege, na watano kati yao wakafungwa jela. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1935, vyama vya watembeaji viliungana rasmi kuwa chama cha taifa ambacho leo kinaitwa Ramblers, chenye vikundi vya mahali katika kila pembe ya nchi. Leo England na Wales zina njia za umma za kiasi cha kilomita 225,000. Kila nikiwaona wastaafu wanafunga kamba za buti zao kando ya kituo cha treni, nakumbuka kwamba matembezi haya yanayoonekana ya kistaarabu yalianza kama ukaidi.

Kwa anayetaka kuanza, kitu cha kwanza ni ramani. Shirika la ramani la Ordnance Survey, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1791, huchapa ramani zenye jalada la rangi ya chungwa ambazo kila sentimita 4 ni kilomita moja ya ardhini, na humo njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani, pamoja na kila ua na kila ukingo wa shamba. Njiani penyewe utafuata mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo: wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, wa buluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia huruhusiwa. Kuvuka kutoka shamba hadi shamba kuna ngazi za mbao za vipandio viwili juu ya ua, au kuna lango linalocheza ndani ya kizimba kidogo cha nusu duara, ambalo mtu hulipita kwa kujipinda na ng'ombe hawezi. Wenyewe huliita lango la busu, kwa kuwa hugusa mwimo wa huku na wa kule bila kufungwa kwa komeo. Mzee wetu aliniambia jina hilo akiwa mkavu usoni kabisa, na mimi nilidhani ananitania.

Kikundi huenda kwa utaratibu ambao nimeupenda. Kiongozi huwa ameitembea njia ile siku chache kabla, akajua wapi pana tope, wapi pana fahali, na wapi pa kukaa kula. Mtu mwingine huteuliwa kuwa wa mwisho, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma akifunga kamba au akipiga picha za kondoo. Wengi wamepita miaka 60, na mara nyingi mimi ndiye Mwafrika pekee, jambo ambalo hakuna aliyelitaja ila nalihisi tukiingia vijijini. Kilichonisumbua zaidi ni majina. Mzee wa miaka 78 anataka nimwite kwa jina lake la kwanza, kavu, bila hata kitangulizi. Ulimi wangu unakataa, kwa hiyo nimezoea kumsogelea karibu kabla ya kusema naye ili nisihitaji kumwita. Jambo jingine la kuchekesha ni salamu: watu hawa hawa ambao mjini Shrewsbury wanakupita kama nguzo ya umeme, mkikutana juu ya kilima watakusalimu, wataisifu hali ya hewa na kukuuliza umetokea wapi.

Njia ninayoipenda kuliko zote huanzia Church Stretton, mji mdogo ambao treni ya kutoka Shrewsbury kwenda Hereford husimama chini kabisa ya vilima. Unaingia bonde la Carding Mill, unapanda polepole hadi mgongo wa Long Mynd, na ukifika Pole Bank, mita 516 juu ya usawa wa bahari, unakuta bamba la mviringo linaloelekeza jina la kila mlima unaouona, hadi ile ya mbali ya Wales. Juu huko hakuna kijia kimoja cha kung'ang'ania, kwani sheria ya mwaka 2000 inaruhusu watu kutembea popote katika nyanda za wazi zilizotajwa kwenye ramani zake. Mwezi Julai na Agosti vichaka huzaa matunda madogo meusi yenye rangi ya samawi, na sote tunarudi na meno ya zambarau. Kushuka, tunapitia korongo la Ashes Hollow, tukirukaruka mawe ya kijito hadi Little Stretton. Mbele ya Long Mynd, upande wa magharibi, ziko Stiperstones na mawe yake makali yaitwayo Kiti cha Ibilisi. Wenyeji husema wingu likikifunika kiti hicho, mwenyewe amekaa. Mimi nilikwenda siku ya ukungu na sikuona kiti wala aliyekikalia, ila niliteguka kifundo cha mguu.

Lakini siku iliyonifundisha kazi ya vikundi hivi ilikuwa tambarare kabisa, mwezi Agosti, tulipokuta kijia chetu kimepandwa mahindi. Nilisimama mbele ya mashina yaliyonizidi kimo, nikasikia ile harufu ya majani mabichi, na kwa dakika moja sikuwa Uingereza. Wenzangu walikuwa wamekunja uso. Sheria inamtaka mkulima aache wazi angalau mita moja kwa njia ya miguu inayokatiza shamba lenye mazao, nao wakaandika namba ya njia, wakapiga picha na kuipelekea halmashauri taarifa jioni ileile. Kisha tukajipanga mmoja nyuma ya mwingine, tukaingia tukifuata dira, tukatokea upande wa pili tukiwa na chavua nywelani.

Humo ndani nilinyoosha mkono kwenye hindi moja, nikauliza kama nikilichuma la kuchoma itakuwa kosa. Mzee alicheka, akasema kwanza ni gumu, kwa maana mahindi haya hukatwakatwa na mabua yake na kuvundikwa kuwa chakula cha ng'ombe wakati wa baridi. Na pili, haki tuliyo nayo pale ni ya kupita na kurudi, haikutaja mahindi. Nililiachia.