Kumwuguza Kifaranga Mmoja

Bei ya kifaranga mmoja wa chotara mara nyingi haifikii bei ya dawa ambayo muuzaji wa dukani atataka ninunue kwa ajili yake, na ndiyo maana jirani yangu wa hapa Kiseke, Mwanza, akinikuta nimeketi barazani na kifaranga mkononi na bakuli la maji ya uvuguvugu mbele yangu, hucheka na kuniuliza kama nimekosa kazi. Simlaumu. Kwa hesabu ya fedha peke yake yeye ndiye mwenye haki. Lakini mgonjwa wa kwanza katika bruda, yaani banda la joto la kulelea vifaranga, hana habari zake tu. Ana habari za joto, za maji, za chakula na za safari ambayo wote wameipitia, na nikimtupa bila kumtazama nitasubiri kuambiwa habari hizo hizo na wagonjwa kumi watakaofuata.

Kundi hili lilitoka Dar es Salaam kwa basi, likiwa limepangwa kwenye maboksi yenye matundu. Kifaranga huiweza safari ya namna hiyo kwa sababu muda mfupi kabla ya kuvunja ganda hukivuta kiini cha yai ndani ya tumbo lake, na akiba hiyo humtunza kwa takriban saa 72 bila kula wala kunywa. Hata hivyo akiba ya chakula haimkingi na jua la mchana linalopiga boksi kituoni wala na baridi ya usiku inayopenya ndani ya buti la basi, na kifaranga aliyepitia yote mawili hufika akiwa amepungukiwa maji mwilini. Tulipowapokea tuliwapa kwanza maji yenye glukosi kidogo, chakula kikafuata baadaye, na jioni walikuwa wachangamfu. Alfajiri ikaja mvua kutoka ziwani, ile inayoanza kwa ngurumo za mbali na kumalizia kwa upepo unaotikisa mabati. Umeme ukakatika na balbu ya bruda ikazimika. Tulipofika na jiko la mkaa, vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona moja, wakipandana.

Kulipokucha, mmoja alikuwa amejitenga. Alisimama mabawa yakiwa yameshuka na macho yamefumba nusu, akitoa mlio mwembamba kila alipojikamua. Nilipomgeuza niliona manyoya ya nyuma yameshikana, na kinyesi kimekauka juu ya njia ya haja kama saruji. Alikuwa ameziba. Kifaranga wa siku chache akiachwa katika hali hiyo hufa mapema, kwa sababu kinachoingia hakina pa kutokea.

Kinyesi cha kuku hueleweka vibaya hata na watu waliofuga miaka mingi. Ndege hana mkojo wa peke yake; ile rangi nyeupe iliyo juu ya kinyesi ni taka za figo zinazotoka kwa njia moja na kinyesi, kwa hiyo weupe kidogo si ugonjwa. Vivyo hivyo, kila baada ya vinyesi kadhaa vya kawaida, kuku hutoa kinyesi laini cha rangi ya kahawia, chenye harufu kali, ambacho hutoka kwenye utumbo kipofu, yaani vifuko vya utumbo visivyo na tundu upande wa pili. Nimeshaona watu wakikimbilia dawa ya kuhara kwa sababu ya kinyesi hicho, ilhali kuku alikuwa mzima kabisa. Kinachonitisha mimi ni kinyesi chenye damu, ambacho kwa vifaranga wa wiki ya tatu na kuendelea hunifanya nifikirie koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, kabla ya kitu kingine, na kinyesi cheupe kinachonata kwa vifaranga wengi kwa wakati mmoja, tena wakifa mfululizo, kwa sababu hapo pana uwezekano wa pulorumu, bakteria ambao kuku mama huwapitisha hadi ndani ya yai. Huyu wangu hakuwa na damu, wenzake walikuwa wakila, na alikuwa mdogo mno kwa koksidiosisi, kwa kuwa vimelea vyake huhitaji siku kadhaa ndani ya utumbo kabla ya kuleta madhara. Kilichobaki ni baridi na upungufu wa maji.

Kusafisha ni kazi ya subira. Donge hilo halibanduliwi likiwa kavu, maana ngozi ya kifaranga ni nyembamba kiasi cha kuchanika pamoja na manyoya. Nilimshika kichwa kikielekea kifundo cha mkono wangu, nikalowesha pamba kwenye maji ya uvuguvugu na kuiweka juu ya donge bila kusugua, nikaibadilisha kila ilipopoa, hadi lilipoanza kulainika na kuachia lenyewe kipande kwa kipande. Mwanangu Pendo, aliyekuwa ameshika kitambaa, aliona kijidoa cheusi kilichokauka chini kidogo, upande wa tumboni, akataka nacho kiondolewe. Nilimzuia. Hicho ni kitovu, mahali kiini cha yai kilipoingilia, na mtu anayekivuta akidhani ni uchafu anaweza kumuua kifaranga ambaye angepona. Njia ilipofunguka alitoa kinyesi kingi cha majimaji viganjani mwangu, Pendo akapiga kelele, nami nikafurahi kuliko inavyompasa mtu mzima kufurahia jambo kama hilo. Kisha tulimkausha kwa kitambaa hadi manyoya yakasimama, tukampaka mafuta kidogo ya kujipaka mahali pale ili kinyesi kingine kisishike. Kumkausha ni nusu ya tiba, kwani kifaranga aliyelowa hupoteza joto haraka, na baridi ndiyo iliyomfikisha pale.

Katika wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha hupunguzwa nyuzi mbili tatu kila wiki. Mwanza watu hudhani joto letu linatosha, na mchana ni kweli karibu litoshe, ila usiku wa mvua halifiki hata karibu. Sina kipimajoto kizuri, lakini vifaranga wenyewe husema: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia kingo wakiwa wameachama midomo wamezidiwa na joto, na wakielemea upande mmoja ujue upepo unaingia upande wa pili. Kifaranga aliyepoa tumbo halimeng'enyi sawasawa, hata umlishe nini. Kwa hiyo mgonjwa nilimweka kwenye boksi lake karibu na taa, nikimdondoshea maji pembeni mwa mdomo, tone moja moja, ili asipaliwe. Jioni nilimpapasa gole, yaani kile kifuko kilicho chini ya shingo. Lilikuwa na chakula kidogo, laini. Nilipolipapasa tena asubuhi lilikuwa tupu, na hiyo ilikuwa dalili njema, kwa sababu gole linaloamka limejaa na gumu lina maana kwamba chakula hakishuki.

Mama mkwe, ambaye amefuga kuku wa kienyeji Magu tangu kabla sijazaliwa, alifika mchana akiwa na jani la shubiri mwitu kwenye kanga. "Mama Pendo, mkatie kidogo kwenye maji, tumbo litasafika," aliniambia. Nilimjibu, "Ahsante Mama, nitamtilia akishapata nguvu," na sote wawili tulijua nilikuwa nakataa. Shubiri huendesha tumbo, na kifaranga aliyepungukiwa maji hana maji mengine ya kutoa. Dukani nako niliambiwa nichukue antibayotiki ya oksitetrasaikilini, dawa ya koksidiosisi na pakiti ya vitamini, nivichanganye vyote kwenye chombo kimoja. Ushauri huo ulinikera zaidi kuliko jani la Mama. Antibayotiki haiponyi baridi, na ikitumiwa ovyo huwafundisha bakteria kuihimili. Kuhusu hizo nyingine mbili, amproliamu, dawa ya koksidiosisi inayouzwa sana, hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, hivyo anayechanganya chombo kimoja dawa hiyo na vitamini B1 kwa wingi anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Kwa wafugaji wenye vifaranga wanaohara damu dawa hiyo ni ya lazima, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa kipimo. Mimi niliondoka na glukosi peke yake.

Bado nina wasiwasi na chakula. Sisi wa kando ya ziwa tuna dagaa, na wengi wetu hununua wa mifugo pale Mwaloni Kirumba kwa ajili ya protini. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huja na mchanga wao, na waliotiwa chumvi huja na chumvi yao. Kuku mkubwa huweza kuvumilia, ila kifaranga chumvi ikimzidi hunywa maji kupita kiasi na kuhara majimaji, na mtu akaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Kwa wiki hizi za mwanzo nawalisha chakula cha vifaranga cha dukani tu, ghali kama kilivyo, na dagaa watasubiri mpaka nipate wale wa kwenye chanja.

Mgonjwa aliziba tena mara moja, safari hii kidogo, nikamsafisha kabla hajaanza kulia. Sasa anadonoa, analala kifudifudi mabawa yakiwa yametulia, na kinyesi chake kina umbo na kofia nyeupe inayotakiwa. Sijamrudisha kwa wenzake kwa sababu sehemu ya nyuma bado ni nyekundu, na vifaranga wakiona wekundu huudonoa mpaka wautoe damu. Fundi amekwisha kuziba upande wa bruda unaoelekea ziwani, akiacha uwazi juu ili moshi wa mkaa upate pa kutokea, na jiko sasa hukaa tayari na kiberiti juu yake kila wingu linapoonekana.

Mama alilichunguza bruda kwa muda mrefu kabla ya kuondoka, akaninong'oneza kwamba angependa nimpelekee taa kama ile kwa ajili ya vifaranga wake wa Magu. Nimemwahidi, ingawa vifaranga wake hulala chini ya kuku mwenye joto la mwili la nyuzi 41, ambaye hakatiki na mvua.