Igeuze Soksi Kabla Hujaipenda

Mtu akinionyesha soksi zake mpya za baiskeli, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuingiza mkono ndani na kuzigeuza. Wenzangu ninaoendesha nao wameshazoea. Kazi yangu ni cherehani, na nguo yoyote huwa naisoma kwa ndani, kwa sababu huko ndiko fundi alikomaliza kazi yake au alikoikimbia. Kwenye soksi jambo hili lina uzito kuliko kwenye shati au suruali. Upande ule wa ndani ndio utakaolala juu ya ngozi yako, umebanwa na kiatu, kwa saa moja au kwa saa tano.

Nazipenda soksi nzuri, na simaanishi nzuri kwa mguu tu. Nazipenda zenye mistari, zenye vidoa, zenye rangi mbili zinazogombana halafu zinapatana. Tukienda kwa mstari mmoja, miguu ya aliye mbele yangu ndiyo ninayoitazama njia nzima, na napenda akiwa amejipamba. Uzuri na kazi vinaweza kukaa kwenye soksi moja bila ugomvi, mradi kila kimoja kipewe mahali pake. Mpaka wao ni mdomo wa kiatu: chini ya hapo soksi ni mali ya mguu, juu ya hapo ni mali ya macho. Soksi nyingi mbovu nilizozishika ni zile ambazo mchoraji hakuujua mpaka huo.

Tuanze chini. Anayekimbia hutua, kila hatua unyayo wake unapiga ardhi, ndiyo maana soksi za kukimbilia huongezwa unene kisiginoni na mbele. Kwenye baiskeli hakuna kutua. Nguvu yote hupita mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole, pale panapokaa juu ya pedali, na kiatu cha baiskeli kina soli ngumu isiyopinda. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, kwa saa moja mguu umezunguka mara 5,400. Mkunjo mdogo wa kitambaa, ambao ukitembea hata usingeuhisi, hapo unakandamizwa mara 5,400 mahali palepale.

Kwa hiyo soksi ya baiskeli iwe nyembamba. Wengi hudhani unene ni starehe, lakini kiatu cha baiskeli hukatwa karibu sana na mguu, na kila milimita ya uzi inakula nafasi. Neva zinazopita kati ya mifupa ya mbele ya unyayo zikibanwa, unapata ganzi, au ule moto chini ya mguu unaomfanya mtu ashuke na kuvua kiatu kando ya barabara. Wakati wa baridi ni hivyohivyo. Anayevaa jozi mbili ndani ya kiatu kilekile mara nyingi anaishia na vidole vya baridi zaidi, maana damu haipiti sawasawa na ile hewa ambayo ingetunza joto imeminywa ikaisha. Joto litafute kwa kukifunika kiatu kwa nje.

Sasa igeuze. Tazama kwanza mshono wa vidole. Soksi hutoka kwenye mashine ikiwa bomba lililo wazi upande wa vidole, na hapo ndipo hufungwa. Kazi ya haraka huacha tuta linalopita juu ya vidole, nene zaidi kwenye kona mbili, karibu na kidole gumba na kidole cha mwisho. Kazi nzuri huunganisha kitanzi kwa kitanzi, na ukipitisha ukucha juu yake unateleza bila kukwama. Mimi hufumba macho na kupapasa kwa kidole. Nikiuona mshono kwa kidole, mguu wangu utauona zaidi.

Halafu tafuta nyuzi zinazoelea. Picha ikifumwa kwenye soksi kwa rangi tatu au nne, uzi wa rangi isiyotumika mahali fulani hupita nyuma ukisubiri zamu yake. Nyuzi hizo zikiwa ndefu zinanasa vidole unapovaa, zinakatika, na zinaifanya soksi iwe nene na isiyovutika. Ua kubwa la rangi nne juu ya vidole, ambalo likishaingia kiatuni halionwi na mtu yeyote, ni hasara tupu. Ua hilohilo juu ya kifundo cha mguu, mahali pasipobanwa na chochote, ni furaha. Mchoraji anayejua kazi huiacha sehemu ya kiatuni iwe rangi moja, yenye kitambaa cha matundu madogo upande wa juu wa mguu ili hewa inayoingia kwenye matundu ya kiatu iifikie ngozi, na ukanda wa kubana kidogo katikati ya unyayo ili soksi isizunguke. Rangi zake zote anazipandisha juu.

Kuna njia nyingine, ya kuchapa picha kwa joto juu ya poliesta nyeupe. Hiyo haina nyuzi za kuelea na inaweza kubeba picha yoyote ile. Ivute tu kwa mikono miwili kabla ya kulipa. Wino umeshika uso wa nje wa kitambaa tu, na mguu ukiingia weupe wa chini unachungulia. Kwenye soksi iliyofumwa rangi iko ndani ya uzi wenyewe, hata ukiivuta haibadiliki. Mimi nachagua ya kufumwa karibu kila mara.

Mashine za kufumia soksi ni silinda yenye sindano zilizopangwa duara, na idadi ya sindano ndiyo inayoamua ulaini wa kitambaa na unyofu wa mistari ya picha. Soksi nyembamba hufumwa kwa sindano 144, 168, hata 200. Zikipungua, vitanzi vinakuwa vikubwa na picha inakuwa na ngazi pembeni. Soksi, kwa kweli, ndizo zilizoanzisha mambo haya yote: mashine ya William Lee wa Uingereza, ya mwaka 1589, ambayo ndiyo chimbuko la ufumaji wa vitanzi kwa mashine, ilitengenezwa kwa ajili ya soksi ndefu. Sisi mafundi wa nguo tunaziona soksi kama jambo dogo, na huko ndiko mashine za ufumaji huo zilikoanzia.

Kuhusu nyuzi, nina msimamo: pamba hapana. Pamba naipenda kwenye shati, lakini ikilowa jasho inalishika, inakuwa nzito, inalegea, na inatengeneza ule mkunjo niliousema. Kwenye hewa ya kawaida uzi wa pamba huwa na unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta chini ya 1. Sufu inafika 16, na inaweza kunywa hadi theluthi moja ya uzito wake. Utauliza mbona basi naisifu sufu na kuikataa pamba. Sufu huuficha unyevu ndani ya uzi huku ngozi ya nje ya uzi ikikataa maji, kwa hiyo mguu unabaki kuhisi ukavu na joto hata mvua ikinyesha, na harufu haikai upesi. Iwe sufu ya merino, ambayo nyuzi zake ni nyembamba na haziwashi, ichanganywe na nailoni, maana peke yake huisha mapema kisiginoni. Siku za joto navaa nailoni au poliesta nyembamba. Zote ziwe na elastani kidogo, ule uzi wa kuvutika ambao Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont aliubuni mwaka 1958. Bila huo soksi ya kisasa isingesimama mguuni.

Saizi usiidharau. Soksi kubwa hujikunja, soksi ndogo huvuta vidole nyuma. Kisigino cha soksi kikae juu ya kisigino chako hasa. Kikipanda nyuma ya mguu, umepewa saizi ya mtu mwingine.

Tukivuka mdomo wa kiatu, swali la kwanza ni urefu. Soksi fupi za kuishia kifundoni zilitawala miaka mingi, siku hizi zimerudi ndefu, za sentimita 15 hadi 18 na zaidi. Kwa jicho langu soksi nzuri huishia pale shavu la mguu linapoanza kujaa, chini kidogo ya sehemu nene. Ikikata katikati ya shavu inaufupisha mguu, na shingo yake inavutwa na msuli kila mzunguko mpaka ianze kuteremka. Shingo ishike bila kukaba. Ukivua ukakuta mfereji mwekundu uliozama, hiyo soksi inakubana.

Wanaoshindana wana sheria yao. UCI, chama kinachosimamia mchezo wa baiskeli duniani, kimeweka tangu mwaka 2019 kwamba soksi isipite nusu ya umbali kati ya kifundo cha mguu na kile kichwa cha mfupa kilicho pembeni chini ya goti, na waamuzi wana kifaa cha kupimia. Sababu ni upepo. Mguu ndio unaosogea kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wa mwendeshaji: kwa mkono wa pedali wa milimita 170 na mizunguko 90 kwa dakika, ukienda kilomita 40 kwa saa, pedali ikiwa juu kabisa inakwenda karibu 46, na ikiwa chini inakwenda karibu 34. Soksi yenye kitambaa cha matuta membamba kwenye goko husaidia hewa ikumbatie mguu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuachana nao, na hapo unapata sekunde. Timu zilianza kuzipandisha soksi hizo kuelekea magotini, ndipo mstari ukachorwa. Kwa asiyeshindana na saa, sioni haja. Ni ngumu kuvaa, zinachanika kwa ukucha, na unalipia kitu ambacho mwendo wako wa kawaida hautakirudisha.

Nalipia rangi kwa moyo mweupe, na hapa ndipo ninapowakatalia wanaosema mapambo ya soksi ni majivuno. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha jambo ambalo kila mwendesha baiskeli angepaswa kulijua. Aliwawekea watu alama za mwanga kwenye maungio ya mwili, akawarekodi gizani ili zionekane nukta peke yake. Nukta zikitulia, watazamaji hawakuona maana yoyote. Watu wale walipoanza kutembea, watazamaji walitambua papo hapo kwamba ni binadamu. Macho yetu yameumbwa kuutambua mwendo wa viungo. Sasa fikiria dereva anayekuja nyuma yako. Mgongo wako, hata ukiwa na koti la kung'aa, umetulia, na unaweza kuwa kibao au kitu chochote kilichowekwa barabarani. Vifundo vyako vinapanda na kushuka, kimoja juu kingine chini, na hakuna kitu kingine barabarani kinachokwenda namna hiyo isipokuwa mtu anayekanyaga pedali. Akili ya dereva inajua ni binadamu kabla hajajiuliza.

Mchana, basi, vaa rangi kali kifundoni: manjano ya kung'aa, waridi kali, chungwa. Rangi hizi hunywa mionzi ya jua isiyoonekana na kuitoa kama mwanga unaoonekana, ndiyo maana zinang'aa kuliko vitu vilivyo karibu nazo hata mawingu yakitanda. Usiku hazina nguvu hiyo, kwa kuwa taa za magari zina mionzi ile kidogo mno. Usiku unataka uzi wa kuakisi, unaorudisha mwanga kulekule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva aliye nyuma yake. Baadhi ya watengenezaji huufuma kwenye shingo ya soksi kama mstari wa kijivu. Mchana ni pambo tulivu, usiku ukipigwa na taa unawaka. Pedali za kawaida huja na vipande vya kuakisi kwa sababu hiyohiyo. Nyingi za zile zinazonasa kiatu hazina, kwa hiyo anayezitumia anahitaji soksi hizo kuliko mwingine.

Weupe una heshima yake ya zamani kwenye mchezo huu na sina ugomvi nao, ila mnyororo uko kulia, na soksi ya kulia ndiyo itakayouonja. Doa la grisi lipake sabuni ya maji ya vyombo likiwa kavu, lisugue taratibu, kisha fua soksi zikiwa zimegeuzwa, kwa maji ya uvuguvugu. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando kwenye nyuzi na jasho halipiti tena. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo inaila elastani. Anika kivulini, ukizibana kwenye vidole, maji yakiteremka uzito wake usiivute shingo.

Kidole gumba kikitoboa, sitii kiraka. Najua kushona, na kwa sababu najua, najua hakuna mshono wa mkono utakaokaa bapa chini ya vidole vinavyokanyaga. Naikata soksi chini ya kifundo, naikunja pindo, naishona kwa mshono wa kuvutika, nabaki na shingo peke yake. Naivaa juu ya suruali mguu wa kulia ninapoendesha na nguo za kawaida. Suruali haiingii kwenye mnyororo, na kama shingo ile ilikuwa na uzi wa kuakisi, bado inafanya kazi yake.